Ufunguo wa Tabernakulo Haupelekwi Sokoni



Wapendwa wana wa Mungu, juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao: aina ya akaunti tunayoitumia kufungulia kompyuta, iwe ya ofisi ya parokia, ya shule au ya nyumbani. Kwa maoni yetu, ndani yake limo fundisho juu ya mamlaka, na mamlaka ni suala linalomgusa kila Mkristo.

Kompyuta nyingi zina akaunti za namna mbili. Akaunti ya msimamizi yaweza kuweka na kuondoa programu, kuzima kinga, kuongeza watumiaji wapya na kufungua mafaili ya wengine. Akaunti ya kawaida yatosha kuandika barua, kusoma barua pepe, kuingiza majina ya wabatizwa na kuchapa matangazo ya Dominika, lakini haiwezi kubadili mfumo wenyewe. Yatupasa kukumbuka kwamba programu yoyote tunayoifungua hutenda kazi kwa mamlaka yetu. Kirusi kilichojificha katika flashi, kikifunguliwa na msimamizi, chaweza kujitwalia nguvu zote za msimamizi. Kikifunguliwa na mtumiaji wa kawaida, hukuta milango mingi imefungwa.

Hekima hii si ngeni. Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila programu na kila mtumiaji apewe mamlaka yale tu yanayohitajika kwa kazi yake. Hata hivyo, Windows XP ilipotoka mwaka 2001, akaunti zilizoundwa wakati wa kuiweka zilikuwa za msimamizi, na watu wengi wakazoea kufanya kazi za kila siku wakiwa na nguvu zote mkononi. Windows Vista, iliyoingia madukani mwanzoni mwa mwaka 2007, ilianza kuuliza ruhusa kabla ya mabadiliko makubwa. Hata leo, akaunti ya kwanza katika Windows huwa ya msimamizi, naye huulizwa tu kama anakubali. Ni rahisi mno kubofya "Ndiyo" bila kusoma. Mwenye akaunti ya kawaida hudaiwa neno la siri la msimamizi, na hapo hupata nafasi ya kutafakari.

Wapo wanaosema kwamba kumpa katibu wa ofisi akaunti ya kawaida ni kutomwamini. Sisi hatukubaliani nao. Kanuni ya 938 ya Sheria za Kanisa yaagiza ufunguo wa tabernakulo utunzwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, na hatujasikia mwalimu wa kwaya akilalamika kwamba ametukanwa kwa kutopewa. Kanuni ya 487 yasema ufunguo wa hifadhi ya nyaraka za jimbo uwe kwa Askofu na kansela tu. Kikomo hicho humlinda pia asiye na ufunguo: kitu kikipotea, hashukiwi yeye.

Wengine husema kwamba mkubwa wa ofisi ndiye anayestahili akaunti kubwa. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa maana tumegeuza chombo cha kazi kuwa alama ya cheo. Paroko mwenyewe hana mamlaka yasiyo na mpaka: kwa kanuni ya 1281, tendo linalovuka usimamizi wa kawaida wa mali ni batili asipopata kwanza idhini ya maandishi. Ikiwa Kanisa limemwekea paroko mpaka katika mali, kwa nini aone haya kufungua kompyuta kwa akaunti ya kawaida? Bwana wetu jangwani alikuwa na uwezo wa kugeuza mawe kuwa mikate, naye hakuutumia (Mt 4). Kuwa na uwezo si sababu ya kuutumia kila saa.

Si suala la mashine tu. Vitabu vya ubatizo vina majina ya wazazi, habari za watoto walioasiliwa na mambo mengine ambayo familia zimetukabidhi kwa siri. Siku hizi mengi ya hayo yameingizwa katika kompyuta. Atakayeumia zikivuja ni mama mmoja au mtoto mmoja wa jumuiya yetu, asiyejua hata kompyuta hiyo iko wapi.

Hata hivyo, tuseme ukweli: akaunti ya kawaida haikingi kila kitu. Kirusi chaweza bado kuharibu au kufunga mafaili ambayo mtumiaji mwenyewe ana ruhusa ya kuyaandika. Ndiyo maana hatuna budi kuwa na nakala ya akiba katika chombo kisichobaki kimechomekwa kwenye kompyuta, na kuendelea kuvitunza vitabu vya karatasi ambavyo kanuni ya 535 yatudai.

Basi twapendekeza haya. Kila mmoja, kuanzia paroko, awe na akaunti yake ya kawaida kwa kazi za kila siku. Akaunti ya msimamizi ibaki moja, ifunguliwe kwa kazi maalumu na kufungwa mara kazi inapokwisha. Neno lake la siri liandikwe, litiwe katika bahasha iliyofungwa, na bahasha iwekwe kwenye sefu, ili ofisi isikwame paroko akihamishwa au akiugua. Nyumbani nako, watoto wasipewe akaunti ya msimamizi kwa ajili ya michezo.

Juma hili tujiulize: ni mamlaka gani tunayoyashikilia, nyumbani, kazini au katika jumuiya, ambayo kazi yetu haiyahitaji?

Mungu Mwenyezi awabariki nyote. Amina.