Binti akiitwa ‘Skee-Wee’, mzazi uliza haya

Mzazi mwenye binti anayesoma Marekani, siku ya mahafali unaweza kusikia jambo likakushtua. Jina la msichana linasomwa, anapanda jukwaani, na kutoka kila pembe ya ukumbi wanawake, bibi wa miaka 70 wakiwemo, wanapaza sauti nyembamba: “Skee-Wee!” Usidhani ni fujo. Wanamwita mwenzao.

Huo ni mwito wa Alpha Kappa Alpha, chama cha udada kilichoanzishwa na wanafunzi weusi wa kike mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Delta Sigma Theta, kilichozaliwa hapo hapo mwaka 1913, kina mwito wake, na wanaume wa Omega Psi Phi wao hubweka kama mbwa (ndiyo, umesoma vizuri). Vyama vikubwa vya aina hii viko tisa. Uanachama ni wa maisha, ndiyo maana bibi naye anaita. Asiye mwanachama haigizi. Ni kukosa adabu, kama kuvaa sare ya harusi ambayo hukuchangia.

Mwaka 2019 mwandishi mmoja wa habari aliuelezea mwito huo, uliopigwa kumshangilia Kamala Harris, mwanachama tangu akiwa Howard, kana kwamba ni mayowe tu. Alishambuliwa mitandaoni, akaomba radhi.

Zipo pia nyimbo za kuitikizana, kwa makofi na vishindo vya miguu. Wanachama wapya wakitambulishwa hadharani husimama mstari mmoja na kutaja kwa kichwa majina ya waanzilishi. Delta wana waanzilishi 22, na Machi 1913 wanawake hao waliandamana Washington kudai haki ya kupiga kura. Kijana anayebeba majina hayo kichwani, mimi nampongeza.

Ila uliza: amekaririshwa na nani, saa ngapi za usiku, na akikosea anafanywa nini? Vyama vyenyewe vinakataza kuwatesa wanaojiunga, na mwaka 1990 viliufuta utaratibu wa zamani wa majaribio ya wiki nyingi. Hata hivyo mateso ya siri hayakuisha. Wapo vijana waliopigwa, wapo waliokufa.

Mtoto aliyeapa kunyamaza hatakueleza. Utaona hapokei simu usiku, anasinzia mchana, anaomba pesa zisizo na maelezo. Usimhoji kama polisi. Mwambie akusimulie historia ya chama chake, kisha msikilize anaporuka sehemu fulani.

Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo kutangaza kwenye tovuti zao vyama vilivyobainika kutesa wanafunzi. Fungua tovuti ya chuo cha mwanao, tafuta neno “hazing”, usome kabla hujatuma ada ya kujiunga.