Aprili 23 ni Siku ya Kaloleni

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, na uzee umenikuta nikiishi Kaloleni, mtaa wa Nairobi. Wanafunzi wangu walinitajia mikutano ya uhuru wa Kenya ya Lancaster House kule London bila kusita. Nilipowauliza kilichotokea katika ukumbi ulio nyuma ya nyumba zao, walitazamana tu. Siwalaumu, maana tuliwakaririsha historia ya mbali na kuwanyima ya mtaani kwao.

Machi 30, 1950, Nairobi ilipewa hati ya kifalme ikawa jiji. Vyama vya wafanyakazi vilisusia sherehe. Washerehekee nini watu ambao mshahara wao haukutosha kodi na unga? Kabla mwezi haujaisha, Jumapili ya Aprili 23, chama cha Kenya African Union (KAU) na kile cha Wahindi wa Afrika Mashariki vilifanya mkutano wa pamoja katika Ukumbi wa Kaloleni. Hapo akasimama Makhan Singh, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, mzaliwa wa Punjab aliyekuja Kenya mwaka 1927, akadai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Hakuomba nyongeza ya viti katika Baraza la Kutunga Sheria. Alidai nchi, na akadai mbele ya watu.

Mei 15 alikamatwa pamoja na Fred Kubai, kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, na kesho yake wafanyakazi wakagoma. Singh alikaa kizuizini hadi Oktoba 1961. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kukamatwa kwake alikuwa na miaka 11 alipoachiliwa! Kenya ilipojitawala, hakupewa wadhifa wowote serikalini. Hilo bado linanichoma.

Sasa mitaa ya zamani inabomolewa. Pangani imekwisha kwenda, maghorofa yamesimama mahali pake. Sipingi nyumba mpya hata kidogo: mvua ikinyesha, kwetu tunapanga sufuria sakafuni kukinga maji, na mifereji ya maji taka hufurika hadi mlangoni. Watu wa huku kwetu Eastlands wanastahili makao bora. Lakini ramani yoyote itakayochorwa iuache ukumbi huu mahali ulipo, na jina la Makhan Singh liandikwe ukutani kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani.

Nanyi walimu wenzangu wa Makadara, msingoje mtaala ubadilishwe. Aprili 23 ijayo waleteni watoto Kaloleni. Ni mwendo wa miguu, na nitakuwapo kuwasimulia.