Kipaza Sauti ni Kipi? Istilahi za Elektroniki na Meza ya Fundi wa Watamu

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umeendeshwa kana kwamba maneno hutungwa kwanza katika kumbi za mikutano, kisha huteremshwa kwa watumiaji wayapokee kwa shukrani. Dhana hii ina watetezi wengi katika idara za Kiswahili, na si ajabu, kwani ndiyo inayowapa wanaidara kazi. Hata hivyo, yeyote atakayeketi kwa saa moja katika kibanda cha fundi wa redio katika mji mdogo wa pwani, mathalani Watamu, atatambua kwamba elektroniki imekwisha kuzungumzwa kwa Kiswahili tangu zamani. Kinachokosekana ni wa kuyaandika mazungumzo hayo.

Mfano unaofaa ni wa kifaa kidogo kabisa, nacho ni kikuza sauti cha hedifoni. Zipo hedifoni nzuri ambazo simu ya kawaida haiwezi kuziendesha. Muziki hutoka mnyonge, na besi hupotea. Anayependa kusikiliza hulazimika kununua kikuza sauti cha bei kubwa au kujiundia chake. Saketi iliyopata umaarufu zaidi miongoni mwa wanaojiundia ilichapishwa na Chu Moy mwishoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo huitwa CMoy kwa jina lake. Hutoshea ndani ya kimkebe cha peremende pamoja na betri yake ya volti 9.

Je, utendakazi wake waweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kuomba msaada? Na ijaribiwe. Moyo wa kifaa hiki ni saketi jumuishi moja yenye miguu minane, ambayo ndani yake mna vikuzaji viwili, kimoja cha sikio la kushoto na kingine cha kulia. Kiasi cha ukuzaji huamuliwa na vikinzani viwili: kimoja kikiwa cha kilo-omu 10 na kingine cha kilo-omu 1, mawimbi ya sauti hutoka yakiwa yamekuzwa mara 11. Kwa kuwa sauti hupanda na kushuka, chanya na hasi, betri moja haitoshi mpaka igawanywe katikati. Vikinzani viwili vilivyo sawa, vikisaidiwa na kapasita mbili, huunda ardhi ya bandia, na zile volti 9 zikawa volti 4.5 juu yake na volti 4.5 chini yake. Mwundaji akikosea hapa, umeme mnyoofu utapita moja kwa moja hadi kwenye hedifoni na kuunguza nyuzi nyembamba zilizomo. Maelezo hayo yanaeleweka. Neno "ardhi ya bandia" huenda likamchekesha mhandisi, ila halimpotezi.

Jambo la kumvutia zaidi mwanaisimu limo katika vikinzani vyenyewe. Thamani ya kikinzani huandikwa kwa mistari ya rangi, na kila rangi husimamia tarakimu. Kahawia, nyeusi na rangi ya chungwa ni kilo-omu 10. Manjano, zambarau na nyekundu ni kilo-omu 4.7. Rangi zote za tarakimu ni kumi. Katika hizo kumi, ni tatu tu ambazo Kiswahili kina vivumishi vyake vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eusi, -ekundu na -eupe. Saba zilizosalia zimekopwa kutoka jikoni, shambani na angani: buni, chungwa, bizari ya manjano, jani, mbingu, tunda la mzambarau na jivu. Kwa hiyo fundi anayesoma kikinzani husoma pia historia ya msamiati wa rangi, na pale anapositasita baina ya zambarau na samawati chini ya taa hafifu, kosa lake lina bei. Ni vigumu kuelewa kwa nini hakuna tasnifu nyingi kuhusu jambo hili, ilhali kuhusu taswira katika riwaya zilezile tatu zipo za kujaza kabati.

Vifaa hivi hupatikanaje? Watamu ni mji wa uvuvi na hoteli, si wa maduka ya elektroniki. Chanzo cha kwanza ni taka: redio za kaseti, runinga zilizokufa, chaja zilizotupwa. Katika redio nyingi ndogo za zamani mna saketi jumuishi iitwayo TDA2822, ambayo hufanya kazi hata kwa betri mbili za volti moja na nusu na inaweza kuendesha hedifoni. Ubaya wake ni kwamba hukuza kupita kiasi, takriban mara 90, hivyo msikilizaji husikia nyuma ya muziki sauti kama ya mchele unaopepetwa. Kapasita za zamani nazo ni za kushukiwa, kwani joto la miaka mingi hukausha umajimaji uliomo ndani yake. Aidha, chumvi ya bahari haina huruma; shaba isiyofunikwa hugeuka kijani, na kiungo kilicholehemiwa ovyo hukatika.

Asichokipata kwenye taka, mwundaji hukifuata Malindi kwa matatu, kupitia Gede, mwendo wa kilomita zipatazo 20. Akikosa huko, huenda Mombasa, zaidi ya kilomita 100, au huagiza kutoka Luthuli Avenue jijini Nairobi, mtaa unaojulikana nchini kote kwa vifaa vya elektroniki. Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa pesa. Anayeagiza kwa simu "kipaza sauti" anaweza kuletewa maikrofoni. Anaweza pia kuletewa spika, au kikuza sauti, kwa maana neno hilo moja hutumiwa kwa vyote vitatu: kile kinachopokea sauti ya muadhini, kile kinachoikuza, na kile kinachoitoa juu ya mnara. Vitu hivi vitatu vinafuatana katika mkondo mmoja wa kazi na kila kimoja ni kinyume au kiungo cha mwenzake. Lugha inayoviita kwa jina moja imemwachia fundi mzigo wa kuvitenganisha, naye ameutua kwa kukopa: maiki, spika, amplifaya.

Wasafi wa lugha huchukizwa na mikopo hiyo. Wanasahau kwamba lehemu, neno ambalo wao wenyewe hulisifu, ni mkopo wa Kiarabu, nalo limetumiwa na wafua fedha na mafundi wa bati wa upwa huu kabla ya redio kufika. Kwa nini basi kijana wa leo aseme "kusolda" wakati kazi ni ileile ya kuunganisha madini kwa madini laini yaliyoyeyushwa? Jibu ni kwamba alifundishwa kazi na kijikaratasi cha Kiingereza, na hakuna aliyemkutanisha na mfua fedha. Katika hili wasafi wana haki, lakini si katika "kapasita" wala "transista". Maneno haya yamekwisha kukaa. Yana wingi wake, na fundi hayababaikii.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, fizikia hufundishwa kwa Kiingereza katika shule za upili za Kenya na Tanzania, kwa hiyo istilahi zake hazina darasa la kuzikomaza. Darasa pekee lililosalia ni kibanda. Mtunga istilahi anayetaka kujua kama "kikinzani" litaishi au litashindwa na "rizista" hana budi kulipeleka huko, akubali kuchekwa, na arudi na jibu.

Upwa huu si mgeni wa elektroniki kubwa. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei angani. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, iliitwa Uhuru, na wanafalaki wa dunia nzima hulitaja jina hilo hadi leo. Neno moja la Kiswahili lilipanda angani. Ndani ya chombo, kila kilichokuwa kikipima na kukuza kilikuwa na jina la Kiingereza.

Idara za Kiswahili zinaweza kuanza na jambo dogo. Mwanafunzi mmoja wa uzamili apewe idhini ya kukusanya lugha ya mafundi kutoka Kilifi hadi Malindi kama vile wenzake wanavyokusanya nyimbo za harusi na ngano. Atakuta, pamoja na mikopo, maneno ambayo hakuna kamati iliyoyatunga: waya "wa moto", saketi "iliyokufa", na sauti "inayopasuka" pale kikuza sauti kinapodaiwa volti ambazo betri haina. Hili la mwisho ni sahihi kuliko tafsiri nyingi zilizowahi kupendekezwa kwa hali hiyo, kwa sababu vilele vya mawimbi hukatwa na sikio husikia mpasuko huo. Gharama ya utafiti ni nauli ya matatu. Ila mtafiti asiende na hojaji mkononi. Aende na redio iliyoharibika, na amwulize fundi maswali wakati kifuniko kikiwa wazi.