Mwenye Duka la Chini Naye Achangie Paa

Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, kuanzia 1949 hadi 1952. Mji ule una majengo mengi ya mawe ya enzi za wafalme walioitwa George, waliotawala Uingereza kuanzia 1714 hadi 1830. Mengi yako hivi: juu wanaishi watu wa familia mbalimbali wakitumia ngazi moja, chini barabarani kuna maduka.

Kwenye majengo ya namna hii kuna hoja moja inanikera. Eti mwenye duka anauliza, "Mimi niko chini, mvua hainifikii, kwa nini nichangie kutengeneza paa?" Jamani, hapana.

Hebu tuangalie jengo lenyewe. James Craig alishinda shindano la kuchora mji mpya, New Town, mwaka 1766. Barabara kubwa zilikuwa za matajiri. Mafundi na wenye maduka wakapewa nyembamba, kama Rose Street na Thistle Street. Biashara ikakataa kukaa uchochoroni. Ikaingia mpaka Princes Street, chini ya makazi ya wakubwa. Mimi sioni ubaya, maduka ndiyo yanayoleta watu barabarani.

Lakini kuta zile hazina fremu ya chuma ndani. Jiwe limekaa juu ya jiwe, na ukuta ndio unaobeba kila kitu. Mwenye duka akitanua dirisha ili bidhaa zionekane, anachezea uzito wa ghorofa zote zilizo juu yake. Na vigae vya paa vikivunjika, maji yanateremka kwenye mihimili ya mbao, siku moja yanatokea kwenye dari la duka. Sasa nani hapo anaishi peke yake?

Zamani sheria ya Scotland ilimwachia mwenye nyumba ya juu kabisa mzigo wa paa lililo juu yake. Sheria ya mwaka 2004 ikabadilisha: kama hati za jengo hazisemi vingine, wengi wakiamua, wote wanachangia, mwenye duka akiwemo. Kwa kawaida ni mafungu sawa, ila sehemu kubwa kuliko zote ikizidi ile ndogo kuliko zote kwa zaidi ya mara moja na nusu, kila mmoja analipa kwa ukubwa wa eneo lake. Duka kubwa litaumia, nakubali. Lakini duka hilo hilo ndilo linaloegemewa na wote, na linafunikwa na wote.

Jengo likiachwa lichakae linakosa mtetezi. Sehemu kubwa ya St James Square, iliyochorwa na Craig huyo huyo, ilibomolewa miaka ya 1960 kupisha jengo la maduka. Nalo likabomolewa, na mwaka 2021 likafunguliwa jingine. Mawe ya Craig hayarudi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye duka alipe. Anayebisha alete hoja.