Ushauri wa urani utoke hadharani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Machochwe, wilayani Serengeti, mbali sana na Namtumbo ambako Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani. Naomba ushauri ambao Tume inaipa serikali kuhusu madini hayo uwekwe hadharani kabla fedha za umma hazijaingia kwa wingi, tena pamoja na vipimo na hesabu zake.

Sisi wa bonde la Mto Mara tunajua hitimisho tupu hupokelewaje. Machi 2022, samaki walipokufa mtoni, kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele ilitaja chanzo kuwa kinyesi na mikojo ya mifugo pamoja na mimea iliyooza. Huenda ilikuwa sahihi kabisa. Mifugo huku ni mingi, na maji ya kinamasi hupungukiwa oksijeni. Lakini watu walikuwa bado wanakumbuka maji ya mgodi wa North Mara yalivyoingia Mto Tigithe mwaka 2009, na wengi hawakusadiki. Jibu lilifika kijijini bila njia ya kulihakiki.

Kwenu mzigo ni mkubwa zaidi. Sheria Na. 7 ya 2003 imeivisha Tume kofia mbili: kudhibiti mionzi na kuendeleza teknolojia ya nyuklia. Serikali mnayoishauri nayo, tangu marekebisho ya sheria ya madini ya 2017, ina haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Simtuhumu mtu. Ila mshauri aliyekalishwa hapo anahitaji kukaguliwa na watu wa nje kuliko mshauri mwingine yeyote.

Mtasema urani ni suala la usalama wa taifa. Ni kweli, kwa sehemu. Urani ya ardhini ina takribani asilimia 0.7 tu ya aina inayopasuka kirahisi, ilhali ya silaha hurutubishwa hadi karibu asilimia 90, kazi ambayo sisi hatuna mitambo yake. Basi ficheni ratiba za usafirishaji na ulinzi wa maghala. Gharama ya kufuatilia maji na kuyatunza mabaki mgodi ukishafungwa ina siri gani? Marekani, Oktoba 1949, kamati ya washauri wa serikali iliyoongozwa na mwanafizikia Oppenheimer ilishauri bomu la haidrojeni lisiharakishwe. Januari 1950 Rais Truman akaamua vingine. Walipa kodi walikuja kuisoma ripoti hiyo miaka ya 1970, mabomu yakiwa yamejaa maghalani. Michoro ilistahili kufichwa. Hoja ya kutengeneza au kutotengeneza haikustahili.

Wengine watasema wananchi hawataelewa. Si lazima kila mmoja aelewe. Wapo walimu wa fizikia, wahandisi wa maji, wahadhiri na wabunge. Wachache wao wakisoma kwa makini, kosa litaonekana mapema.

Anzeni na vipimo vya maji ya ardhini ya Namtumbo vya kabla ya uchimbaji. Machimbo yakishapanuka, hakuna atakayeweza kuvichukua upya.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi wa Machochwe