Mche Usiogawiwa Hufa na Mwenyewe



Wako miongoni mwetu wenye asumini, mrehani au mchaichai mzuri dirishani, lakini ukiwaomba kijiti cha kupanda hukupa udhuru mmoja baada ya mwingine. "Hautashika." "Baridi itauua." "Nimebakiwa na huu mmoja tu." Tabia hii haitufai, na mwaka huu nimepata ushahidi wake, tulipokwenda wapenzi 11 wa bustani, vijana kwa wazee, kuitazama bustani ya Tresco katika visiwa vya Scilly.

Visiwa hivyo viko kiasi cha kilomita 45 kutoka ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza. Mwaka 1834 tajiri mmoja, Augustus Smith, alivikodi, akajenga nyumba karibu na magofu ya watawa wa zamani, akaanza kupanda. Bahari ya huko huzuia baridi kali, lakini upepo wa chumvi huunguza kila jani. Kwa hiyo palipandwa miti mirefu ya kukinga upepo, na nyuma yake bustani ikapangwa kwa matuta mtelemkoni. Juu, penye jua na ukavu, iko mimea ya Afrika Kusini na Australia. Chini, penye unyevu, iko ya New Zealand. Mjukuu wa ndugu yake, Arthur Dorrien-Smith, alisafiri mwenyewe hadi Australia na New Zealand kukusanya mimea.

Januari 1987 theluji na baridi isiyo ya kawaida iliua sehemu kubwa ya mimea hiyo. Januari 1990 ikaja dhoruba, ikaangusha miti mingi mno ya kukinga upepo. Kazi ya miaka 150 ilikuwa karibu kupotea. Haikupotea, kwa kuwa watu wa bustani wana desturi ya kupeana mbegu na miche, na mimea mipya ililetwa kutoka Kew na kwingineko. Kilichogawiwa huwa na mahali pa kurudi kutoka. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi naongeza kuwa kutoa ni akiba pia.

Lakini mche peke yake hautoshi, una jina lake. Huko Tresco bibi mmoja wa kwetu alisimama mbele ya kibao chenye jina la Kilatini, akasema, "Si mshubiri huu!" Akawaeleza vijana jinsi mama zetu walivyopaka shubiri kifuani ili kumwachisha mtoto ziwa. Vijana wakacheka, kisha wakamwuliza maswali nusu saa nzima. Hayo hayakuwa kwenye kibao.

Majina hupotea upesi. John Kirk, balozi wa Uingereza Unguja aliyekuwa na bustani yake Mbweni, alipeleka Kew ua ambalo mwaka 1882 liliitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Unguja. Leo Waingereza hulipanda kila kiangazi na kuliita Busy Lizzie, na wataalamu nao wanatumia jina jingine, Impatiens walleriana. Nani katika majirani zetu ajuaye kuwa lilipitia kwetu? Lakini mwaka 1970 mtaalamu Bernard Verdcourt alipouandika mti wa kilua, aliuita Mkilua fragrans. Jina la bibi zetu likawa jina la elimu, kwa sababu walikuwapo watu waliokuwa bado wakilitamka.

Najua wako watakaosema kuwa wakusanyaji wa zamani walichukua mali za nchi zetu chini ya bendera zao, na aghalabu aliyewaonyesha mti porini hakuandikwa popote. Ni kweli. Basi sisi tumewaandika wazee wetu wangapi?

Rai yangu ni hii. Katika mkutano wetu ujao wa familia, kila nyumba ilete chungu kimoja cha kugawa, na karatasi yenye mambo matatu: jina la mmea kama alivyolitaja mama au bibi, matumizi yake, na nani aliyekupa. Karatasi hizo zichapwe katika kitabu chetu cha mwaka ujao. Wala simwambii mtu afiche vijiti katika sanduku la safari. Mimea hai kutoka nje hutakiwa cheti cha afya ya mimea, na forodha hawana mzaha. Tuanze na ile iliyo tayari madirishani mwetu.

Atakayeona ni kazi ya wazee wasio na shughuli, na akumbuke kuwa wazee hao ndio wenye majina, na kila mwaka tunawazika. Mrehani ukifa dirishani utapata mwingine sokoni. Bibi akiondoka na majina yake, hakuna duka litakalotuuzia.