Wauguzi wa Kibondo na Kasulu Wapewe Glovu Zinazofaa

Imejengeka dhana miongoni mwa baadhi yetu tulio katika utumishi wa umma kwamba dawa kali za kutibu saratani ni shughuli ya Dar es Salaam na Mwanza, na kwamba muuguzi wa wilayani hazimhusu. Dhana hiyo ilikuwa na msingi wake. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Buha hakuwa na mahali pa kukimbilia isipokuwa Ocean Road, hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 na kufanywa taasisi kamili ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Baadaye Hospitali ya Rufaa ya Bugando nayo ikaanza kutoa tiba hiyo, na safari ya ndugu zetu wa Kibondo na Kasulu ikafupika. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kufupika kwa safari kumeleta jambo jingine ambalo halijaangaliwa ipasavyo: dawa hizo sasa zinafika wilayani zikiwa ndani ya mwili wa mgonjwa.

Mgonjwa aliyetundikiwa dripu ya dawa hizo Bugando leo, akapanda basi kesho alfajiri kupitia Nyakanazi, anaweza kuwa nyumbani kwake Kibondo kabla ya siku kwisha. Dawa haijamalizika mwilini. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, choo, matapishi na jasho, na kanuni ya kawaida katika hospitali zinazotoa tiba hii ni kwamba kwa muda wa saa 48 hivi tangu kupewa dawa, taka za mwili wa mgonjwa zishikwe kwa tahadhari. Ziko dawa ambazo muda wake ni mrefu zaidi ya huo. Basi mgonjwa huyo akizidiwa usiku kwa kutapika, jamaa zake watamkimbiza hospitali ya wilaya, na atakayepokea beseni si daktari bingwa wa Mwanza. Ni muuguzi wa zamu, au mhudumu wa wodi ambaye hata hajaelezwa mgonjwa anatoka wapi.

Tena hata bila ya msafiri huyo, jamii hiyo ya dawa imo wilayani kwa sura nyingine. Haidroksiyurea, wanayopewa wagonjwa wa selimundu, ni mmojawapo. Methotrekseti, ambayo waganga huitumia pia kwa mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ni nyingine. Kidonge kikiwa kizima hatari yake ni ndogo; kikikatwa au kusagwa ili kimfae mtoto, unga wake hubaki mezani na vidoleni.

Hatusemi haya ili kuwatia watu hofu. Dawa hizi ni neema, na Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia yake. Daktari Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, ndiye aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaowapata watoto wa nchi zetu, na katika miaka ya 1960, wakati mashine za mionzi hazikuwapo huku, baadhi ya watoto hao walipona kwa dawa peke yake. Moja ya dawa hizo, siklofosfamidi, ingali ikitumika hadi leo. Hata hivyo ukoo wake wapaswa kukumbukwa. Dawa ya kwanza ya namna hii kutiwa mgonjwa, huko Yale nchini Marekani mwaka 1942, ilitokana na jamaa ya gesi ya haradali, silaha ya vita. Kazi yake ni kuua chembechembe zinazozaliana, nayo haibagui chembe ya mgonjwa na ya muuguzi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka siklofosfamidi katika kundi la vitu ambavyo vyenyewe husababisha saratani kwa binadamu. Mgonjwa huikubali hatari hiyo kwa sababu anapata tiba. Mhudumu hapati chochote.

Dunia ilichelewa kulitambua hilo. Ni mwaka 1979 ambapo watafiti wa Finland walitangaza kwamba mkojo wa wauguzi waliozishika dawa hizi ulikuwa na vitu vyenye uwezo wa kugeuza chembe za urithi, kuliko mkojo wa watu wasiozishika. Mwaka 1985 utafiti mwingine katika hospitali za nchi hiyo hiyo ukaonyesha kwamba wauguzi waliozishika katika miezi ya mwanzo ya ujauzito walipoteza mimba zaidi ya wenzao. Habari hizo ni za siku ambazo dawa zilichanganywa juu ya meza ya wazi, na hapana shaka mambo yamebadilika sana tangu hapo. Yamebadilika kwa sababu ya kinga, na kinga ya kwanza ni glovu.

Hapa panafaa kukumbusha kitu ambacho wengi wamekisahau. Glovu za hospitali hazikuanza kwa ajili ya mgonjwa. Mwaka 1889 au 1890, daktari William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, aliagiza mipira ya mikono kwa sababu muuguzi wake wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa akiharibika ngozi kwa kemikali za kuulia vijidudu. Glovu ilizaliwa kumkinga mfanyakazi dhidi ya kemikali. Anayemwambia muuguzi leo kwamba glovu ni za kuzuia damu tu, na kwamba penye dawa hazihitajiki, amekiacha chanzo chenyewe.

Sasa, je, glovu inakinga kwa kiasi gani? Jibu la kweli ni kwamba inakinga vizuri, lakini kwa muda, tena kwa kutegemea imetengenezwa kwa nini. Walimu wa sayansi wanaweza kulifafanua jambo hili kuliko sisi. Puto lililofungwa barabara siku ya mahafali, kesho yake huwa limenywea, na ukilitazama hulioni tundu. Hewa imepenya katika mpira wenyewe, kidogo kidogo. Vivyo hivyo dawa hupenya katika glovu isiyo na tundu wala mchaniko, na mvaaji hahisi kitu. Kadiri glovu ilivyo nyembamba, au ilivyovutwa sana, au mkono ulivyo na joto, ndivyo dawa inavyowahi kupita.

Kwa hiyo aina zake hazilingani. Glovu za vinili, zile za plastiki zinazopwaya mkononi, ni dhaifu mno kwa kazi hii na hazifai. Za lateksi, yaani mpira wa utomvu, zinafaa zikiwa nene za kutosha, ingawa wako watu ambao lateksi huwadhuru ngozi na pumzi. Za nitrili ndizo zinazopendelewa sasa. Marekani iliweka mwaka 2005 kipimo kinachojulikana kama ASTM D6978: glovu hujaribiwa kwa dawa zenyewe, katika joto la nyuzi 43, kwa dakika 240, na huhesabiwa kwamba imepenywa pale tu dawa inapopita kwa kiasi cha mikrogramu 0.01 kwa sentimeta ya mraba kila dakika. Ni kipimo kikali. Nitrili nzuri huzizuia dawa nyingi kwa dakika zote hizo. Lakini ziko mbili, kamastini na thiotepa, zinazojulikana kwa kupenya mapema, na glovu nyingi zilizofaulu kwa dawa nyingine hushindwa nazo kabla ya saa moja. Ndiyo maana boksi la glovu za kweli za kazi hii huandikwa majina ya dawa na dakika zake. Boksi lisilo na maandishi hayo ni la glovu za kupimia wagonjwa, hata liwe la bei gani.

Kutokana na elimu hiyo ndipo zikatoka kanuni za kuvaa jozi mbili, moja ndani ya mkono wa gauni na nyingine juu yake, na kuzibadili kila baada ya dakika 30 au mara tu zinapochanika au kumwagikiwa. Glovu zisiwe na unga, kwa kuwa unga hunasa dawa na kuipeperusha. Zikivuliwa, zivuliwe kwa kugeuzwa nje ndani, na mikono ioshwe kwa maji na sabuni. Kipukusi cha spiriti huua vijidudu lakini hakiondoi dawa. Na kufua glovu, kuzianika na kuzivaa tena, desturi iliyoletwa na shida ya miaka iliyopita, kwa dawa hizi ni hatari tupu: glovu hiyo imeshakunywa dawa, na kesho itamvisha mwingine.

Pamoja na hayo yote, tusiitukuze glovu kupita kiasi. Uchunguzi katika nchi zenye kila kitu umekuta chembe za dawa katika mkojo wa watumishi waliovaa glovu, kwa kuwa dawa hukaa nje ya vichupa tangu kiwandani, hushika vitasa vya milango, kalamu na simu. Muuguzi mwenye glovu aliyejikuna shingo hana kinga. Glovu ni ukuta wa mwisho, na ukuta huo unataka mtu aliyefundishwa.

Watakuwapo wakuu wa idara watakaosema: hospitali ya wilaya ina upungufu wa mambo mengi, itawezaje kununua glovu maalumu kwa ajili ya mgonjwa mmoja mmoja anayerudi kutoka Mwanza? Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hospitali za Kibondo na Kasulu, pamoja na zile za misheni kama Kabanga na Heri, zimebeba mzigo mkubwa tangu miaka ya 1990, wananchi na wakimbizi kwa pamoja. Lakini hatudai kila wodi ijazwe glovu za namna hiyo. Tunadai yawekwe maboksi machache, mahali panapojulikana, kwa ajili ya saa 48 hizo na kwa chumba cha dawa. Na palipo na glovu za kupimia peke yake, jozi mbili za lateksi au nitrili zinazobadilishwa mapema ni bora mara nyingi kuliko jozi moja ya vinili inayovaliwa tangu asubuhi. Gharama ya kulijua hilo ni karatasi moja ukutani.

Wala tahadhari hii isigeuzwe kuwa kumkwepa mgonjwa. Saratani haiambukizi kwa kugusana, na mtu aliyetoka kwenye tiba anahitaji kushikwa mkono na kupewa uji kama mwingine yeyote. Kinachoshikwa kwa glovu ni taka zake. Jamaa wanaomwuguza nyumbani Muhange au Makere waambiwe hivyo kwa lugha yao, ili wasimtenge na wasijidhuru.

Yapo mambo matatu yaliyo katika uwezo wa wahusika. Bugando na Ocean Road, zinapomruhusu mgonjwa, zimpe barua inayotaja dawa aliyopewa na saa aliyopewa, naye aionyeshe hospitali ya wilayani kwake. Bohari ya Dawa, ambayo imejenga kiwanda chake cha glovu Idofi, Makambako, iangalie uwezekano wa kutengeneza na kupimisha glovu nene za nitrili kwa kazi hii, badala ya kila boksi kuagizwa ng'ambo. Na Halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kumkinga mfanyakazi wake, ziruhusu muuguzi mjamzito apangiwe kazi nyingine bila ya kuonekana mvivu.

Fomu za kuagiza glovu zinapojazwa, idadi ya wauguzi na waganga huhesabiwa kwa urahisi. Anayefua shuka zilizotapikiwa usiku, na anayebeba taka kwenda kwenye tanuri asubuhi, nao waandikwe katika hesabu hiyo, kwa jozi zile zile mbili.